Kamba Mkononi mwa Mkamba

Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Lakini leo ukipita Riruta ukaona zile nyumba za mawe zinazopangishwa, jua kwamba kila jiwe lililomo nililichonga mimi, au nilisimama nyuma ya aliyelichonga nikimwonyesha anapokosea. Watu husema najisifu. Najisifu ndiyo. Nilifika Nairobi na suruali moja, na ile suruali ilikuwa ya kaka yangu.

Hapa nataka kueleza jinsi Mkamba mmoja alivyokaribia kuuawa kwa ajili yangu, pale Waithaka, miaka michache baada ya Uhuru, na kwa nini hakuuawa. Nimesikia watu wakiisimulia habari hii vibaya, tena mbele yangu, wakiwa hawajui kuwa ni mimi.

Tulikuwa tukifanya kazi kwenye kware, ndivyo tulivyoyaita machimbo ya mawe. Ukuta wa mwamba ulikuwa mrefu kushinda mti wa mkaratusi, na mawe mazuri yalikuwa juu katikati, mahali ambapo ngazi haifiki. Kwa hiyo mtu alifungwa kamba kiunoni akashushwa kutoka juu, mtaimbo mkononi, akaning'inia huku akibandua mawe. Mwenzake alikaa juu, kamba imezungushwa kwenye chuma kilichopigwa ndani ya mwamba, akimshusha na kumvuta. Uhai wako wote ulikuwa kwenye viganja vya mtu usiyemwona.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi moja: hakuna aliyemshikisha kamba mtu asiye wa kwao. Mluhya alishikiwa na Mluhya, Mkamba na Mkamba mwenzake. Hakuna aliyeiandika wala kuitangaza. Tulikula pamoja, tulipigana pamoja, tulizikana pamoja, lakini kamba, hapana.

Katika ukuta ule niliogopwa. Nilipanda kama mjusi, bila viatu, na pale wengine walipoomba washushwe mimi niliimba. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kunikaribia, naye ndiye huyo Mkamba. Alikuwa mwembamba, mweusi tii, meno yamechongwa kwa mtindo wa kwao, na vidole vyake vilikuwa virefu kupita kiasi. Tulichukiana vizuri. Kila asubuhi aliniuliza, "Habali ya mzito?" nami nilimjibu, "Mzima, mwana wa panzi," na hapo kazi ikaanza.

Siku moja tulipeleka mawe mjini, kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa karibu na mabenki. Tulipokuwa tunapakua lori, fundi mmoja aliyekuwa juu ya ukuta akamwaga udongo wa saruji, ukatuangukia vichwani, mimi na Mkamba. Akachungulia akicheka.

"Samahani wazee! Nilidhani hapo chini pana takataka!"

Sikutafuta ngazi. Niliushika ule ukuta mpya kwa vidole, kwenye mianya ya mawe ambayo pengine niliyachonga mimi mwenyewe, nikapanda. Watu wa mjini, wenye tai na mifuko ya ngozi, wakasimama kutazama. Nilipofika juu nilimkuta Mkamba amekwisha kufika kwa upande wa pili, amemkaba fundi shingo.

"Umechelewa, ndugu," akaniambia. "Lakini nimekuachia savu la kusoto."

Tulimpiga yule fundi mpaka kofia yake ikaanguka barabarani na saruji ikamkaukia puani. Msimamizi alipokuja na kipande cha mbao nilimnyang'anya nikakivunjia gotini. Tuliposhuka, tena kwa ukuta uleule, palikuwa na Mzungu mwenye kaptura amesimama pale chini anapiga makofi.

"Wewe mbili napanda kama nyani," akasema. "Mimi nataka wewe. Jumapili nakwenda Naivasha. Iko mawe mingi sana pale."

"Nyani ni babu yako," Mkamba akanong'ona, huku akimpa mkono.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kwenda kule bondeni kila Jumapili. Mlima Longonot ulikuwa upande mmoja, ziwa upande wa pili, na chini ya miamba mawe makubwa yamemwagika kana kwamba lori la Mungu limepinduka. Mengine yalikuwa kama ng'ombe aliyelala, mengine kama nyumba. Mzungu alivaa viatu vyembamba vya raba, akalikumbatia jiwe, akapanda, akafika juu, akaruka chini, akalipanda tena kwa upande mwingine. Wakati mwingine alianguka chali mchangani akacheka peke yake.

"Bwana, kule juu iko nini?" nilimuuliza.

"Hapana kitu."

Nikamgeukia Mkamba. "Huyu anaumwa?"

"Anaumwa sana," akajibu. "Lakini nyama aliyobeba ni nzuli. Mwache aumwe."

Nilicheka, kisha nikajaribu, na nikaelewa, ingawa sikumwambia mtu. Kwenye kware unapanda ili uvunje jiwe. Kule ziwani jiwe ndilo linakuvunja wewe. Linakuchuna kucha, linakupiga goti, linakutupa chini mgongo unalia, nawe unarudi kulishika kwa hasira kama mtu aliyekutukania mama. Hakuna nyapara. Hakuna mawe ya kujaza lori. Ni wewe na yeye, mpaka mmoja akubali. Sijawahi kupigana vita vizuri kama hivyo, na nimepigana vingi. Tulirudi nyumbani viganja vimechanika hata chumvi ya mboga ikawa inachoma.

Lakini palikuwa na jiwe moja ambalo halikuwa limekubali mtu yeyote. Mzungu alikuwa amelijaribu miaka mingi. Lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa, na katikati lilitokeza tumbo kubwa, la kukusukuma nje ukifika. Sisi tuliliita Mwenye Mimba. Kwa nyuma palikuwa na njia rahisi ya kufika juu kwa miguu, kwa hiyo Jumapili moja Mzungu aliamua mmoja akae kule juu na kamba, na mwingine apande kwa mbele.

Alijaribu yeye kwanza, tumbo likamtema. Akajaribu Mkamba, akateleza akachubuka ubavu wote. Ikafika zamu yangu. Mkamba akazunguka nyuma, akapanda, akaketi juu na kamba kiunoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka desturi yetu. Kamba yangu ilikuwa mkononi mwa Mkamba.

"Bwana," nikamwambia Mzungu, "shika wewe."

"Wewe naogopa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo nikabaki chini. Nikafunga kiuno, nikapanda.

Nilipanda vizuri, acheni niwaambie. Nililifikia tumbo la lile jiwe, nikalipita nusu. Niliona mwanya mdogo upande wa kushoto, wa kuingiza vidole viwili tu, na nikajua nikiupata nimemaliza. Lakini kamba ilikuwa imekaza, inanivuta kulia. Nilitaka ailegeze kidogo. Nikapaza sauti:

"Lekesa!"

Kwetu magharibi ndivyo ulimi unavyolitoa neno hilo. Kamba ikakaza zaidi.

"Lekesa, wewe! Lekesa kamba!"

Akaivuta kwa nguvu zake zote. Mguu wangu ukatoka. Nikabembea kama mlango uliopigwa na upepo, nikaligonga jiwe kwa uso. Nilisikia meno yakikatika ndani ya kichwa kabla ya kuyasikia mdomoni. Bega la kulia likatoka mahali pake. Naye bado alikuwa akivuta, kamba ikinikata mbavu, mpaka Mzungu alipopiga kelele, ndipo Mkamba akanishusha chini kama gunia.

Mzungu akanikanyaga kwapani, akauvuta mkono wangu, bega likarudi kwa mlio ambao nausikia mpaka leo nikivunja kuni. Mkamba alikuja mbio kutoka nyuma ya jiwe.

"Umenivuta!" nikamwambia, damu inaruka. "Umenivuta uniue!"

"Si wewe alisema legesa? Mimi nimelegesa!"

Hebu fikirini. Nimevutwa mpaka meno yametoka, na mtu ananiambia usoni kwamba alilegeza. Kama angesema shetani alimpitia, ningemwelewa. Lakini uongo wa namna ile! Nilimpiga kichwa cha pua, akaanguka, nikamrukia. Nilimpiga kwa mkono wa kushoto, nilimpiga kwa goti, nikaokota jiwe. Kila nilipompiga alisema neno lilelile, "Nimelegesa! Nimelegesa!" na kila aliposema nilimpiga zaidi. Mzungu alitumwagia ndoo ya maji ndipo tukaachana. Njiani kurudi mmoja alikaa mbele ya gari, mwingine nyuma, na yule Mzungu hakututafuta tena.

Tulikuwa tunaishi Waluhya wengi katika nyumba moja pale Riruta, vyumba vinatazamana. Jioni hiyo walipouona mdomo wangu wakanizunguka wote. Mkubwa wetu alikuwa mtu wa miraba minne, aliyeongoza nyimbo kanisani, na aliyeweza kuinua mtaimbo kwa vidole viwili. Akaniinua kidevu akanitazama kama anayetazama ng'ombe wa mahari.

"Nani?"

Nikamweleza. Nilipofika pale Mkamba aliposema amelegeza, chumba kizima kilipiga mluzi.

"Basi na sisi tutamlegezea," mkubwa akasema polepole. "Kesho akiwa amening'inia. Atashuka kware yote kwa mara moja. Ajali ya kazi, nani atauliza? Unasemaje, ndugu yangu? Mdomo ni wako."

Niliitikia kwa kichwa. Na ninyi mngeitikia, kama mngekuwa na mdomo ule.

Asubuhi nilikwenda kware pamoja nao, si kufanya kazi, bega lilikuwa limefungwa kwa shuka. Nilikwenda kutazama. Mkamba alikuwa kazini tayari, uso wake umevimba kama mkate, ananing'inia katikati ya ukuta akigonga. Sikupenda kumwona anavyogonga vizuri. Watu wetu walikuwa wanapanda mmoja mmoja kwa njia ya nyuma, kana kwamba wanakwenda kuchukua vifaa.

Chini ya ukuta palikuwa na mwanamke aliyetuuzia uji. Alikuwa dada yake huyo Mkamba, wa tumbo moja. Kwa kuwa sikuweza kutafuna, nilikwenda kwake. Alinimiminia bila kunitazama. Nikanywa, macho yangu juu, nikasahau kikombe mkononi.

"Legesa kikombe yangu," akasema.

Niliendelea kutazama juu.

"Wewe muuaji, hunisikii? Umemhalibu ndugu yangu uso, sasa unataka kuiba kikombe pia? Legesa!"

"Nilegeze kikombe namna gani?" nikamuuliza. "Kikombe kimefungwa wapi?"

"Legesa! Kilikuwa changu, kilegese kwangu! Leta hapa! Kiswahili hujui?"

Nilisimama pale nimekishika. Kisha nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kawaida, "Mama, ngoja. Mtu akienda safari, akaja tena nyumbani, utasema amefanya nini?"

"Una wazimu? Amelegea nyumbani."

"Hajachoka? Hajawa laini?"

"Amelegea! Amekuja tena! Nipe kikombe!"

Amerejea, au ameregea kama wengine wasemavyo. Kwao hakuna r wala sh; ulimi wao huzigeuza l na s. Regesha, yaani rudisha, mdomoni mwa Mkamba huwa legesa. Na legeza, mdomoni mwangu mimi mtu wa magharibi, huwa lekesa. Nilikuwa nimening'inia pale ziwani nikimwomba anilegezee, naye alikuwa akisikia nikimlilia anivute nirudi kwake. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyovuta. Kule juu ya jiwe yule mtu alikuwa akinihurumia.

Kwenye kware kila mtu alishikiwa kamba na wa kwao, na maneno haya mawili hayakuwahi kukutana.

Nilimtupia kikombe nikatazama juu. Kichwa cha mkubwa wetu kilikuwa kimeonekana ukingoni, karibu na chuma cha kamba. Nikaita, lakini kwa mdomo ule uliovimba, na nyundo zote zile zikigonga, nani angenisikia? Njia ya nyuma ilikuwa ndefu mno. Basi nilifungua shuka begani nikaurukia ukuta.

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuupanda ukuta ule bila kamba. Kama yupo, aje tuzungumze. Niliupanda kwa mkono mmoja na nusu. Nilishika kwa vidole, kwa kiwiko, kwa kidevu. Jiwe moja lilitoka mguuni nikalisikia likivunjika chini na wanawake wakipiga kelele. Nilimpita Mkamba kwa pembeni, karibu ya kumgusa. Alinitazama kwa lile jicho lililobaki wazi, akadhani namfuata nimmalize, akainua mtaimbo.

"Ushike mwamba!" nikamwambia. "Shika mwamba kwa mikono yako!"

"Nyoko!" akanijibu.

Nilipofika juu, yule Mkamba mwenzake aliyekuwa akimshikia kamba amelazwa kifudifudi, wawili wa kwetu wamemkalia mgongoni. Mkubwa ameishika kamba, amekwisha kuitoa mzunguko mmoja kwenye chuma. Chini, Mkamba akahisi kamba inacheza. Akaogopa. Akapiga kelele za kuombea uhai wake:

"Legesa! Legesa mimi! Legesa!"

Watu wetu wakaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti.

"Mnasikia?" mkubwa akasema. "Mwenyewe anaomba alegezwe! Mimi ni nani nimkatalie?"

"Anaomba avutwe!" nikasema. "Mvute! Kwao hilo ni kuvuta!"

"Ndugu, umepigwa kichwa. Kaa chini."

"Hata kwangu alivuta kwa sababu alisikia vuta! Acha kamba!"

"Unamtetea Mkamba? Na meno yako yako wapi?"

Sikuwa na muda wa kumfundisha Kiswahili. Nilimpiga teke la goti, lile goti lake bovu ambalo sisi tu wa nyumbani tulilijua. Alipoinama nilimgonga kwa paji la uso. Kamba ikamtoka mkononi, nikaidaka, ikanichoma kiganja chote mpaka nyama, ikazunguka chuma, ikasimama. Kule chini nilisikia mtaimbo ukianguka na sauti ya mwanamke. Mkubwa alinirukia mgongoni. Alinipiga mbavuni kwa ngumi zile nene, moja, na nyingine, na nyingine, huku akiniita msaliti kwa lugha ya mama zetu. Sikugeuka. Niliuma ile kamba kwa meno yaliyobaki, nikaizungusha chuma mara ya pili, kisha ndipo nikageuka. Nilimshika kidole gumba nikakikunja nyuma mpaka kikalia. Huyu aliyeinua mtaimbo kwa vidole viwili alipiga magoti mbele yangu, mbele ya watu wote, na wale wawili wakashuka mgongoni mwa yule Mkamba bila kuambiwa.

"Sasa vuteni," nikasema.

Hakuna aliyesogea isipokuwa yule aliyekuwa amekaliwa. Tukavuta mimi na yeye, Mluhya na Mkamba kwenye kamba moja, mimi nikisema "futa," naye akisema "fuuta," na tulielewana. Katikati ya kuvuta bega langu likatoka tena. Niliendelea na mkono wa kushoto.

Mkubwa alikwenda zake akichechemea, mkono kwapani. Jioni nilikuta godoro langu na sufuria yangu nje ya ile nyumba ya Riruta, na hakuna hata mmoja aliyenifungulia mlango. Nililiinua godoro kichwani nikatafuta chumba kwingine, peke yangu, na toka siku hiyo sijalala tena chini ya paa la mtu aliye na uwezo wa kuniweka nje.

Lakini kabla ya hapo Mkamba alitokea ukingoni. Kwanza vile vidole virefu, kisha ule uso niliouharibu mwenyewe. Alijivuta akasimama, akajifungua kamba kiunoni, akawatazama watu wetu waliokuwa wakijitenga mmoja mmoja, akamtazama mwenzake, akanitazama mimi. Mwenzake akamwambia jambo refu kwa Kikamba, akionyesha chuma na kiganja changu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Kisha akanipiga ngumi ya mdomo, palepale penye kidonda, na kila kitu kikawa cheupe.

"Hiyo ni ya jana," akasema, akashuka kwa njia ya nyuma kwenda kunywa uji.

Sikuanguka. Ndiyo ngumi pekee niliyopata kupigwa katika maisha yangu bila kuirudisha, na watu wakiniuliza sababu huwaambia ukweli: bega lilikuwa limetoka.